Usingoje Shahada ya Pili Ndipo Uanze Utafiti wa Operesheni

Kila muhula wanafunzi wa mwaka wa pili na wa tatu huniuliza swali lile lile kwa maneno tofauti: je, mtu ambaye hajamaliza hata shahada ya kwanza anaweza kushiriki utafiti wa mhadhiri wa utafiti wa operesheni, yaani fani ya kutumia hisabati kutafuta uamuzi bora wa kupanga kazi na vifaa, au atakuwa anampotezea muda tu? Jibu langu ni kwamba anaweza, tena mapema kuliko katika matawi mengi ya hisabati. Nililijua hilo nikiwa mwanafunzi, na nimezidi kuliamini tangu nilipoanza kusimamia wanafunzi mwenyewe. Naandika haya kwa sababu naona vijana wazuri wakipita mbele ya milango ya wahadhiri miaka yote ya masomo bila kubisha hodi, kisha wanaomba nafasi za shahada ya pili hawajui utafiti unafananaje.

Sababu iko kwenye fani yenyewe. Katika topolojia, au aljebra ya juu, mwanafunzi huhitaji miaka kadhaa kabla ya kulielewa hata swali. Katika utafiti wa operesheni swali hueleweka siku ya kwanza: magari haya yapite njia zipi, wauguzi hawa wapangiwe zamu vipi, ghala liweke akiba kiasi gani, ndege ipi ipewe lango lipi. Ugumu uko kwenye kujibu. Kwa hiyo unaweza kukaa kwenye kikao cha watafiti, ukafuata wanachobishania, na hata ukauliza jambo la maana, huku hesabu zako bado zinakua.

Ndivyo fani hii ilivyozaliwa. Mwishoni mwa miaka ya 1930 Waingereza walikuwa na rada mpya na hawakujua namna nzuri ya kuitumia pamoja na ndege na marubani wao. Vita vilipoanza, mwanafizikia Patrick Blackett alikusanya kikundi cha watu wa kila aina: wanafiziolojia, wanafizikia, wanahisabati, hata mpima ardhi. Hakuna aliyekuwa na shahada ya utafiti wa operesheni, maana haikuwapo. Baadaye Blackett na wenzake waliuliza kama misafara ya meli za mizigo inayovuka Atlantiki iwe midogo au mikubwa. Wengi waliona msafara mkubwa ni shabaha kubwa. Takwimu zilionyesha kinyume: idadi ya meli zilizozamishwa katika msafara haikutegemea sana ukubwa wake, kwa hiyo msafara mkubwa ulipoteza sehemu ndogo zaidi ya meli zake. Na jiometria iliunga mkono. Ukiongeza nusukipenyo cha msafara mara mbili, eneo lenye meli huongezeka mara nne, lakini mzingo ambao meli za ulinzi zinapaswa kuulinda huongezeka mara mbili tu. Mwanafunzi wa sekondari anaifuata hoja hiyo bila shida. Kuiona, na kuikagua kwa data halisi, ndiyo kazi.

Kuna kisa kingine ambacho wanafunzi hupenda kunikumbusha, cha mwanahisabati George Dantzig. Mwaka 1939, akiwa mwanafunzi wa mwanatakwimu Jerzy Neyman katika chuo kikuu cha Berkeley, Marekani, alichelewa darasani, akakuta maswali mawili ubaoni, akadhani ni ya nyumbani. Aliyatatua. Kumbe yalikuwa matatizo ya takwimu ambayo hayakuwa yamethibitishwa na mtu yeyote. Ni kisa cha kweli, na ndiye Dantzig huyu aliyetoa mwaka 1947 njia ya simpleksi, yaani hatua za kukokotoa zinazofikia jibu bora kabisa chini ya masharti ya mstari. Lakini nadhani kinawapotosha wanaoanza. Kwanza, tayari alikuwa mwanafunzi wa uzamivu. Pili, kinamfanya kijana aamini kwamba utafiti ni kutatua kwa usiku mmoja kitu kilichowashinda wakubwa, na asipojiona na uwezo huo anakaa kando.

Mimi huwapa kisa cha mlo wa Stigler. Mchumi George Stigler aliuliza: kwa bei za Marekani za mwaka 1939, ni mchanganyiko upi wa vyakula unaompa mtu mzima virutubisho vyote vya lazima kwa gharama ndogo kabisa kwa mwaka? Alikuwa na vyakula 77 na masharti 9 ya virutubisho. Hakuwa na njia ya kupata jibu bora kabisa, kwa hiyo alikwenda kwa busara na majaribio hadi akafika dola 39.93, akalichapisha mwaka 1945. Mwaka 1947 Jack Laderman na makarani tisa wenye mashine za kukokotoa za mezani walilipitia tatizo hilo kwa simpleksi mpya ya Dantzig, kazi ambayo ingemchukua mtu mmoja takriban siku 120. Walipata dola 39.69. Stigler alikuwa amekosea kwa senti 24 tu!

Tazama kilichofanyika hapo. Mtu mmoja alitoa jibu zuri kwa hiuristiki, yaani njia ya busara isiyohakikisha jibu bora kabisa. Wengine wakafanya kazi ndefu, ya uangalifu, wakaonyesha jibu hilo liko umbali gani kutoka kwenye jibu bora. Hao makarani tisa ndio mfano wa mwanafunzi wa shahada ya kwanza, isipokuwa leo hesabu ile hukamilika kwenye kompyuta ya kawaida kabla hujaondoa kidole kwenye kitufe, na muda wa mwanafunzi unabaki kwa ajili ya kuuliza na kukagua. Kupima umbali kati ya hiuristiki na jibu bora bado ni utafiti halali kabisa, na wahadhiri wengi wana makabati ya maswali ya aina hiyo ambayo hawana wakati nayo.

Mhadhiri anakosa nini hasa? Mawazo anayo. Anakosa mtu wa kuketi na jambo moja kwa wiki kadhaa bila kukatizwa na vikao na usahihishaji. Kuna data iliyopokelewa kutoka hospitali au kampuni ya usafirishaji ambayo tarehe zake zimeandikwa kwa mitindo mitatu, na nusu ya safu hazina muda wa kuondoka. Kuna makala inayodai algorithimu mpya ina kasi zaidi, na hakuna aliyeijaribu nje ya matatizo yaliyochaguliwa na waandishi wenyewe. Kuna modeli iliyoandikwa kwa programu ya zamani inayohitaji kuhamishwa. Kuna swali la "itakuwaje tukibadilisha sharti hili?" lililobaki kwenye hitimisho la makala iliyopita. Hayo yote yanawezekana kwa mtu aliyesoma aljebra mstari, uwezekano, na programu kidogo.

Ningeshauri uanze na foleni, kwa sababu zina hesabu fupi na mshangao mkubwa. Chukua mhudumu mmoja, watu wanaofika kwa nasibu, na muda wa huduma ambao nao ni wa nasibu, kwa ile modeli ya msingi inayofundishwa kwenye kozi ya kwanza. Wastani wa huduma uwe dakika 5. Mhudumu akiwa na kazi kwa asilimia 80 ya muda wake, mteja atasubiri kwa wastani dakika 20 kabla ya kuhudumiwa. Ikifika asilimia 90, ni dakika 45. Ikifika asilimia 95, ni dakika 95. Kazi imeongezeka kidogo sana, lakini kusubiri kumepaa. Mameneja wengi huona mhudumu aliyekaa bila kazi kwa dakika chache kuwa ni hasara, na wanambana hadi foleni inafika barabarani.

Sasa andika programu ya kuiga foleni hiyo, uone kama unapata namba zile. Kwa asilimia 80 utazipata bila taabu. Kwa asilimia 95, wanafunzi wangu karibu wote hupata mara ya kwanza namba ndogo kuliko 95, na hudhani fomula ina kasoro au programu yao imeharibika. Mara nyingi programu ni nzima. Foleni ilianzishwa ikiwa tupu, na mfumo uliosongwa namna ile huchukua muda mrefu mno kufikia hali yake ya kawaida; wateja wa mwanzo waliokuta pamekaa wazi wanaushusha wastani. Ukiwatoa hao wa mwanzo na kuendesha uigaji kwa muda mrefu zaidi, namba hupanda taratibu. Halafu linakuja swali ambalo halimo kwenye kitabu cha kozi: ikiwa sehemu halisi hufungua asubuhi na kufunga jioni, na haifikii kamwe hali hiyo ya kawaida, fomula ile inamsaidia nini meneja? Hapo umeshaingia kwenye utafiti. Umelifikia swali kwa miguu yako mwenyewe, na ukimpelekea mhadhiri wa nadharia ya foleni grafu yako moja, atakuwa na mengi ya kukuambia.

Ndiyo maana nawaambia wanafunzi wasiandike barua pepe ya kuomba "nafasi yoyote ya utafiti." Mhadhiri anayepokea ujumbe wa namna hiyo anapaswa kukubunia kazi, na kubuni kazi ya mwanafunzi asiyemjua ni mzigo. Andika kitu kama hiki:

"Profesa, salaam. Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa tatu wa hisabati. Nimesoma makala yako kuhusu kupanga njia za magari pale ambapo kila mteja ana muda wake wa kufikiwa. Nimeiandika hiuristiki ya sehemu ya tatu kwa Python na kuijaribu kwenye matatizo ya Solomon yenye wateja 25. Kwa mengi nimepata majibu yanayolingana na yako. Kwa mawili natumia gari moja zaidi. Nimeambatisha jedwali la ukurasa mmoja. Naomba dakika 20 za kukuuliza tofauti hiyo inatoka wapi. Na kama ipo kazi ndogo ninayoweza kuifanya muhula huu, ninaweza kutenga saa sita kwa wiki."

Barua hiyo ni fupi, ina kazi iliyokwisha kufanyika, ina swali moja linalojibika, na inasema muda ulionao bila kuupamba. Matatizo ya Solomon niliyoyataja ni mifano ya kujaribia njia za kupanga magari, na yako wazi kwa kila mtu. Yalitolewa mwaka 1987, yakiwa 56 yenye wateja 100 kila moja, na yapo matoleo madogo ya kuanzia. Kwa tatizo la mchuuzi msafiri, yaani kutafuta njia fupi kabisa ya kupita miji yote na kurudi, kuna mkusanyiko wa TSPLIB, kwa modeli za namba kamili, ambazo majibu yake hayaruhusiwi kuwa na sehemu, kuna MIPLIB, na kwa mambo mengi mengine kuna OR-Library iliyoanzishwa na J. E. Beasley mwaka 1990. Vitatuzi, yaani programu zinazopokea modeli na kuitafutia jibu, vipo pia vya bure kama HiGHS na SCIP, na Gurobi hutoa leseni za masomo bila malipo. Huhitaji ruhusa ya mtu kuanza. Usipojibiwa baada ya wiki mbili, kumbusha mara moja kwa adabu, kisha mwandikie mwingine. Wahadhiri huzama kwenye kazi; ukimya wao mara nyingi hauna neno na wewe.

Ukishapokelewa, jiandae kwa jambo ambalo kozi haikufundishi: kozi hukupa tatizo lililokwisha kuandikwa vizuri, na utafiti hukupa tatizo ambalo mwenyewe hajui kuliandika. Mwanafunzi mmoja niliyemsimamia alipewa kazi ya kupanga zamu za wauguzi wa wodi moja kwa wiki nne. Aliandika kanuni zote alizopewa: hakuna zamu ya asubuhi baada ya zamu ya usiku, hakuna kufanya kazi zaidi ya siku tano mfululizo, kila usiku uwe na wauguzi wawili wenye uzoefu, likizo zilizoidhinishwa ziheshimiwe. Akabonyeza. Kitatuzi kikajibu papo hapo kwamba modeli haina suluhisho.

Hapo wengi hukata tamaa au huanza kufuta masharti ovyo mpaka jibu litokee. Yeye alifanya vizuri zaidi. Kila sharti alilipa ruhusa ya kuvunjwa kwa adhabu, kisha akaiacha modeli ichague ni lipi la kuvunja kwa adhabu ndogo kabisa. Kila mara lilivunjika lile lile: wauguzi wawili wenye uzoefu, usiku wa Jumamosi moja tu. Siku hiyo waliokuwa na uzoefu walikuwa likizo, isipokuwa mmoja. Alikwenda kwa msimamizi wa wodi na karatasi yenye tarehe hiyo. Msimamizi akamwambia kwamba, kwa usiku kama huo, huazima mtu kutoka wodi ya jirani, na wao humrudishia wiki inayofuata. Jambo hilo halikuandikwa kwenye kanuni yoyote. Lilikuwa kichwani mwake. Modeli iliyoshindwa ndiyo iliyolitoa nje, na makubaliano ya kuazimana yakawa sehemu yenye kuvutia kuliko zote katika kazi ile, kwa sababu sasa swali lilikuwa la wodi mbili kwa pamoja.

Baada ya kurekebisha, kitatuzi kilikimbia kwa saa moja kisha muda tuliokipa ukaisha. Kilikuwa na ratiba yenye gharama ya 412, na pembeni kikaandika 397. Nilimuuliza: hii 412 ndiyo bora, au ndipo programu ilipochoka? Ni swali ambalo kila msimamizi wa fani hii atakuuliza, kwa hiyo ulijue mapema. Ile 397 ni sakafu: kitatuzi kimethibitisha kwamba hakuna ratiba yoyote duniani, kwa masharti haya, yenye gharama chini ya hapo. Kwa hiyo ratiba tuliyo nayo haiwezi kuwa mbali na bora zaidi ya karibu asilimia 3.6. Labda yenyewe ndiyo bora na uthibitisho tu ndio haujakamilika. Kitatuzi hufanya kazi hiyo kwa kugawa tatizo katika matawi na kuyaacha yale ambayo sakafu yake imeshazidi jibu ulilo nalo; wazo hilo lilitolewa na Ailsa Land na Alison Doig mwaka 1960, na hadi leo liko ndani ya vitatuzi vyote vikubwa vya namba kamili. Binafsi sijui fani nyingine nyingi ambapo mtu anaweza kusema kwa uhakika jibu lake limekosea kwa kiasi gani kwa kiwango cha juu kabisa, hata pale ambapo jibu bora halijulikani. Naliona ni jambo zuri mno, na ningependa kila mwanafunzi alione kwa macho yake kabla ya kuhitimu.

Kuhusu njia rasmi, nitasema kwa ufupi. Vyuo vingi vina mpango wa kuwaunganisha wanafunzi wa shahada ya kwanza na wahadhiri. Ule wa chuo cha MIT huko Marekani, ulioanzishwa na Margaret MacVicar mwaka 1969, ni wa zamani na unaigwa sana. Huko mwanafunzi anaweza kulipwa, kuhesabiwa kazi hiyo kama kozi, au kujitolea. Marekani pia Mfuko wa Taifa wa Sayansi hugharamia makundi ya utafiti ya majira ya joto, lakini posho zake kwa kawaida ni kwa raia na wakaazi wa kudumu wa nchi hiyo, kwa hiyo soma masharti kabla ya kupoteza jioni zako kwenye fomu. INFORMS, chama kikubwa cha fani hii, hutoa tuzo ya kila mwaka kwa utafiti wa wanafunzi wa shahada ya kwanza. Pasipo na mpango wowote, makubaliano ya wawili kati yako na mhadhiri yanatosha, mradi mambo matatu yasemwe wazi mwanzoni: utalipwa au la, kazi itahesabiwa kwenye masomo au la, na jina lako litakaa wapi makala ikichapishwa. Usione haya kuuliza. Mhadhiri mwema hataudhika, na anayeudhika kwa swali hilo amekupa taarifa muhimu.

Muhula ukikaribia kwisha, kuna kazi ambayo wanafunzi wengi huiruka na ambayo mimi huithamini kuliko kurasa kumi za ripoti. Andika faili moja inayoeleza data ilitoka wapi, umeisafisha vipi, toleo gani la kitatuzi limetumika, kikomo cha muda kilikuwa kiasi gani, na namba za nasibu zilianzishwa kwa thamani ipi. Hifadhi pia majaribio yaliyoshindwa pamoja na sababu zake, ili mwingine asiyarudie. Mwulize mhadhiri nani ataipokea kazi hiyo, kisha kaa na mtu huyo aiendeshe kwenye kompyuta yake mwenyewe, wewe ukiwa pembeni bila kugusa kibodi, mpaka jedwali la mwisho litoke na namba zile zile.